Hela Iliyorudi Kutoka Gerezani

Kibanda nimekiacha. Sikufukuzwa na mtu, sikufilisika, wala sikuchoka watu. Magoti ndiyo yamesema basi. Sasa laini ya uwakala, benchi na masufuria viko mikononi mwa mjukuu wangu Tabu, na ninyi wenzake mnaokaa naye kwenye ile njia ya kwenda gerezani mmenisumbua: "Bibi, tuandikie, usije ukaondoka na mambo yote kichwani." Haya. Nilisoma mpaka darasa la nne kwetu Ukerewe, kwa hiyo msitafute humu maneno ya redioni. Mtapata nilichokiona kwa macho yangu, ambayo mpaka leo yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Tabu ana shahada na miwani juu.

Sikuanza na simu. Nilianza na maandazi. Mume wangu alipofariki nilikuwa naishi Mabatini, hapa hapa Mwanza, chumba kimoja na watoto, na jirani yangu alikuwa Mama Koku, Mhaya wa Muleba, mwanamke wa mwili na sauti. Akiimba kanisani, kwaya ilikuwa inamfuata yeye badala ya mwalimu. Alikuwa anauza chai ya maziwa karibu na gereza, siku zile ndugu wanazoruhusiwa kuja kuonana na watu wao. Akanikuta nimeshika tama mlangoni.

"Wewe Mkerewe," akasema, "utalia mpaka lini? Marehemu alikuwa anakula machozi? Kesho njoo na maandazi."

Siku ya kwanza nilitoka na beseni limejaa, na asubuhi nzima sikuuza hata moja. Watu walikuwa wanapita na vikapu, na watoto wamevalishwa nguo za kanisani, hakuna hata anayetupa jicho. Nikamwambia Mama Koku tumekosea mahali, hapa watu hawana njaa. Akacheka. "Anayekwenda kumwona mfungwa tumbo limefunga. Hata soda haipiti. Subiri wanaotoka." Kweli, walipoanza kutoka walikula kama waliotoka shamba. Kwa hiyo ninyi mnaowasha moto alfajiri mnapoteza mkaa. Pikeni chakula kiive watu wanapotoka.

Siku hiyo hiyo mama mmoja akakaa pembeni yangu, amenunua chai, nami kwa ushamba wangu nikamuuliza, "Mwanao kafanya nini?" Mama Koku alinifinya paja mpaka nikaona nyota. Mama yule alipoondoka nikasomewa. Kafanya nini, hilo ni swali la hakimu, naye ameshauliza na amejibiwa. Sisi wa barabarani swali letu ni moja: umemkutaje? Hapo mtu anamwaga yote mwenyewe, na chai anaongeza.

Mambo ya hela yalikuja taratibu. Ndugu wengi walikuwa wanatoka mbali: Ukerewe kwa meli, Sengerema kwa kivuko, wengine Bukoba huko. Nauli inameza kile walichotaka kumletea mtu wao. Wakaanza kumwomba Mama Koku. Wanampa kondakta, kondakta anamletea, yeye anaifunga kwenye pindo la kanga, anakwenda nayo mapokezi ya gereza. Maana mjue, hela haiingii mkononi mwa mfungwa. Inabaki ofisini chini ya jina lake. Mwenyewe anaitwa, anaambiwa fulani kakuletea, anaweka dole gumba, na akitaka sabuni au dawa ya meno inakatwa humo. Ndugu yake anapewa stakabadhi. Kama ndugu yuko Bukoba, stakabadhi inakaa kwa Mama Koku, ndani ya Biblia, mpaka mwenyewe aje.

Mara ya kwanza aliponituma mimi, nilikuwa nimeshafika nusu ya njia akaniita. "Na salamu?"

"Salamu gani?"

"Huyo mama wa Sengerema alikupa hela akasema nini?"

"Alisema mpelekee."

"Rudi ukamuulize. Hela bila salamu ni mfupa umemtupia mbwa."

Nilikimbia, jua la mchana, kanga inafunguka, nikamkuta yule mama anapanda gari. Namuuliza salamu, kapigwa na butwaa. Mtu akiulizwa ghafla hivyo anasahau mpaka jina la mwanawe. Gari linaanza kutembea ndiyo akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele, "Mwambie paka wake kazaa!" Nikaenda nayo hivyo hivyo mapokezi, nikijua nitachekwa. Baadaye askari aliyemwita yule kijana akaniambia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza wangapi, na wa rangi gani. Nikajifunza. Sabuni ya hela ile iliisha wiki ile ile, lakini paka na watoto wake walikaa naye mle ndani siku nyingi.

Jambo la pili alilonifundisha Mama Koku: usitunge. Yeye aliwahi kumtungia mtu salamu za mke, anakukumbuka, hali chakula, usingizi hapati, na mwenyewe kule ndani alishapata habari kwamba mke kaolewa na fundi cherehani. Mama Koku alisema siku ile alitamani lami ipasuke aingie. Mtu wa ndani anajua watu wake wanavyosema kuliko wewe. Kama hakuna salamu, sema hakuna.

Mama Koku alirudi kwao Muleba uzee ulipomkamata, na huko ndiko amezikwa. Aliniachia benchi na sufuria la chai. Simu za kutuma hela zikaja yeye hayupo, na nadhani angezitukana. Mimi nilichukua laini ya uwakala kwa sababu wateja walianza kunipita. Simu yangu ya kwanza ilikuwa kitochi, nimekifunga mpira wa baiskeli ili betri isidondoke. Mpaka leo ningekipa heshima kuliko hizi zenu za kioo, zikianguka mara moja mnaweka matanga. Lakini ninyi mna bahati: siku hizi mtu yuko Bukoba, anabonyeza, hela inaingia kwenye laini yangu, naitoa, naipeleka mapokezi, nampigia kumwambia imefika. Chakula sikuacha kupika. Simu inaishiwa chaji. Sufuria haliishiwi.

Mambo mawili ya kazi halafu niingie kwenye nililotaka kusema. Kwanza, ukipigiwa na mtu kwamba ndugu wa mteja wako anaumwa huko ndani, na kwamba utume hela haraka kwenye namba fulani, kata simu, nenda mapokezi ukaulize kwa mdomo wako. Wezi wa simu wanapenda sana mama wa mfungwa, kwa sababu ameshazoea habari mbaya. Pili, jina. Kwetu huku mtu ana jina la babu, jina la ubatizo na jina la kijiweni. Ofisini wanajua lile alilohukumiwa nalo tu. Uliza lile. Niliwahi kuzunguka na hela ya mtu anaitwa Bonge, kumbe karatasini ni Deogratias, na tena mwembamba kama mwiko.

Sasa Shija.

Kesi ya Shija kila mtu wa njia ile aliijua. Kijana wa Kisukuma kutoka upande wa Magu. Yeye na wenzake walitoa ng'ombe kwenye zizi la jirani yao. Aliyefuata nyayo mpaka akawafikia hakuwa polisi. Alikuwa baba yake mzazi, Mzee Bulugu. Akamshika mwanawe mkono, akamkabidhi polisi, na mahakamani akasimama kusema aliyoyaona, neno kwa neno, bila kupandisha sauti wala kushusha. Kisha akaenda kutoa ng'ombe wake mwenyewe kumlipa jirani wale waliokuwa wameshachinjwa. Mama wa Shija alikuwa amefariki zamani. Dada yake kaolewa Tarime, ndiye aliyekuwa anatuma kidogo, na salamu za watoto. Baba hakuwahi kukanyaga getini.

Ilikuwa imebaki miezi michache Shija atoke, siku hiyo naosha vyombo, akasimama mbele yangu mzee mrefu, koti zito kwenye joto la Mwanza, katambuga za tairi miguuni, fimbo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayepeleka hela ndani?"

"Ndiye mimi. Karibu kiti."

Hakukaa. Akatoa mfuko wa nailoni umekunjwa, akauweka kwenye benchi. "Mpe Shija Bulugu."

"Wewe ni nani yake?"

"Mwenye boma alikozaliwa."

"Yaani baba yake."

"Ndiyo hivyo."

Nikakausha mikono. Nikamwambia kwangu hela haiendi bila salamu, anipe neno. Akanitazama kama nimemwomba meno.

"Neno gani?"

"Niseme baba kasemaje?"

"Sema ni hela ya ng'ombe wake. Kavunjika mguu bondeni, nimemuuza kwa mchinjaji. Hela ni ya mwenye ng'ombe."

"Basi?"

"Basi."

"Hata habari ya nyumbani?"

"Nyumba ipo," akasema, na akaondoka. Chai hakunywa. Nimeona wanaume wengi wagumu maishani, na mmoja nilimzaa, lakini yule alikuwa jabali la Mwanza lenye koti.

Nikapeleka mapokezi kama nilivyoambiwa. Pale kulikuwa na askari mmoja mwanamke, Afande Rehema, niliyekuwa nataniana naye sana. Alikuwa ananiita mke mwenza, kwa sababu mume wake alikuwa anapenda maandazi yangu kuliko yake. Akaenda, akarudi, hana utani usoni.

"Bibi, chukua hela yako. Kakataa."

"Anaumwa?"

"Mzima kama jiwe. Amekataa kuweka dole. Kasema yeye hana ng'ombe na hana baba."

Nimeona watu mle wakililia hela. Nimesikia wakigombania hata kipande cha sabuni. Wa kukataa, huyo ndiye alikuwa wangu wa kwanza. Nikarudi nayo kibandani, nikaiweka kifuani, na ikawa inaniwasha kama upupu. Hela ya mtu isiyofika inanifanya nisilale.

Siku ya kuonana nikajipanga foleni na ndugu wengine. Shija akaja upande wa pili wa wavu, mrefu kama baba yake, shingo ile ile. Akaniamkia vizuri. Heshima anayo, hilo lazima niseme.

"Bibi, nisamehe kwa kukutembeza."

"Sikuja kusamehe, nimekuja kuuliza. Hela ya baba yako ina kinyesi?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Bibi, wewe ni mtu wa visiwani. Kwenu samaki hana mwenyewe mpaka avuliwe. Kwetu mtoto wa kiume akipata akili ya kuchunga, baba anamwonyesha mtamba mmoja: huyu wako. Akizaa, ni wako. Ukikua, ukienda mbali, yule ng'ombe zizini ndiye anasema wewe bado ni mtu wa boma hili. Sasa mzee kamuuza. Kaniletea hela mkononi. Unajua hiyo ni nini?"

"Sijui, niambie."

"Ni kwamba nimehesabiwa, nimelipwa, nisirudi."

"Amesema alivunjika mguu."

"Ng'ombe wa watu wote wanavunjika miguu wakitakiwa kuuzwa, Bibi. Na amesema nini kingine?"

Hapo ndipo penye kazi yenu, mabinti. Ningeweza kutunga. Nilikuwa na salamu tamu mdomoni tayari, baba anakulilia, baba haoni usingizi. Nikamkumbuka fundi cherehani. Nikasema, "Hakusema kingine."

"Umeona." Akaangalia chini. "Nikitoka hapa napanda gari stendi ya Nyegezi, nakwenda machimboni. Kuna mwenzangu humu ana ndugu huko, watanipokea. Mwambie mzee nimeelewa. Sina kinyongo. Asinisubiri."

"Mashimo yanafukia watu, Shija."

"Hata humu tunafukiwa, Bibi. Polepole tu."

Nilitoka pale sina hamu hata ya kusema na Rehema. Nilijiuliza usiku kucha, hili ni langu? Mimi kazi yangu ni kupeleka na kurudisha. Nikaona basi, kama ni kurudisha, nitarudisha mpaka kwa mwenyewe. Asubuhi nikamwachia Tabu kibanda, alikuwa likizo, nikashika gari la Magu, kisha bodaboda hadi kwenye boma la Mzee Bulugu. Kijana wa bodaboda alinipitisha kwenye majaruba ya mpunga kwa mwendo ambao niliona uso wa marehemu mume wangu waziwazi.

Nilimkuta mzee ameinama zizini, mgongo kwangu. Nikaita hodi. Akageuka. Mkononi ana chupa, chupa ile ya kunyonyeshea watoto wachanga, ina maziwa, na pembeni yake ndama anavuta chuchu ya mpira huku anamkanyaga katambuga.

"Shikamoo mzee. Nimekurudishia hela yako. Kaikataa."

Alikaa juu ya gogo, chupa mkononi, na koti lile likaonekana kubwa kuliko mtu. Akasema, "Hata hela yangu anaikataa."

"Si kwa ubaya. Anasema umemuuzia ng'ombe ukampelekea hela, yaani umemlipa aondoke bomani."

"Nani kasema?"

"Yeye."

Nikaona shingo inapanda. "Nimlipe mwanangu aondoke? Mama, sikiliza. Kama ningekuwa nimemtoa, ile hela ningeila. Ng'ombe wa mtu uliyemtoa anakuwa wako, unamuuza, unakula. Mimi sikula hata ya chumvi. Nimepanda gari mpaka Mwanza kumpelekea kwa sababu ni yake. Anayepelekewa chake si ndiye mtu wa boma?"

Hapo nikanyamaza, kitu ambacho wanangu hawataamini. Maana wote wawili walikuwa wanasema jambo lile lile, kwa desturi ile ile, mmoja kaanzia kichwani na mwingine mkiani. Baba kapeleka hela kusema, wewe bado ni wangu. Mwana kaipokea kama amesukumwa nje.

"Mzee, mbona hukumwambia hivyo?"

"Si nilikwambia? Nilisema ni hela ya ng'ombe wake."

"Hiyo ni salamu?"

"Sasa ni nini?"

Ndama akaja kunusa pochi yangu. Nikamsukuma. "Na huyu unayemlea kwa chupa kama mjukuu ni wa nani?"

"Wa Shija."

"Shija yupi?"

"Kwani kuna wangapi? Mama yake ndiye yule wa mguu. Alikuwa amezaa, ndama hata hajaanza majani."

"Mzee Bulugu!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. "Una ndama wa mtoto zizini, unamnyonyesha kwa mkono wako, na ulikuja mpaka kwangu usiseme?"

"Hakuuliza."

"Ataulizaje, yuko gerezani! Ninyi Wasukuma mnajua kuongea na ng'ombe tu."

"Ng'ombe anasikia," akasema.

Nikakaa naye kwenye lile gogo. Nikamwambia sitoki pale mpaka anipe salamu, na salamu yenyewe iwe ya mdomo wake, mimi sitaongeza wala kupunguza. Mzee alihangaika. Alijikuna, akasafisha koo, akatazama ziwa, akamtazama ndama. Jasho lilimtoka kuliko la mtu anayelima. Mwisho akasema:

"Mwambie ndama jike. Ana rangi ya mama yake."

"Na nini tena?"

"Mwambie ana kichwa kigumu kama mwenyewe."

"Na kurudi nyumbani je?"

"Hayo ni yake. Ni mtu mzima."

Nilichuma hicho hicho. Akanirudishia ule mfuko wa nailoni, nikaufunga kwenye pindo kama Mama Koku alivyokuwa anafanya.

Siku ya kuonana nikasimama tena kwenye wavu, nikamtolea Shija yote kama nilivyopewa: ng'ombe aliacha ndama, ndama jike, rangi ya mama yake, kichwa kigumu kama mwenyewe. Na maneno ya baba kwamba ya mtu aliyetolewa huliwa, ya mtu wa boma hupelekwa. Nikamwambia na la chupa, kwa sababu hilo sikuambiwa, nililiona.

"Chupa?" akauliza.

"Ya mtoto mchanga. Na chuchu."

"Baba yangu? Kashika chupa?"

"Kaishika vibaya, lakini kaishika."

Alishika wavu kwa vidole. Nikangoja aseme neno la maana. Akauliza, "Ana baka jeupe kwenye paji?"

"Ninyi na ng'ombe wenu! Ndiyo, analo."

Askari akaita muda umekwisha, nikaiacha tena ile hela mapokezi. Baada ya siku kidogo Rehema akaniita mapokezi, "Mke mwenza, yule wako kaweka dole." Nikashukuru Mungu kwa sauti, hapo hapo. Lakini nilipomuuliza Shija mara nyingine kuhusu machimbo, alisema, "Nitaona, Bibi." Nitaona ya mwanaume mnaijua. Ni mlango uliorudishiwa bila komeo, upepo wowote unaufungua.

Aliachiwa mchana wa jua kali. Nilikuwa napakua wali kwa watu wa bodaboda nikamwona anakuja amevaa nguo alizokamatwa nazo, suruali imeishia juu ya kifundo, begani kifurushi. Akaniamkia, akakaa kwenye benchi, akaangalia barabara huku na huku kama mtu anayetafuta alikoweka kitu.

"Bibi, nipe wali na samaki. Halafu niambie, gari za machimboni pale Nyegezi za mwisho zinatoka saa ngapi?"

Nilikuwa na hotuba nzima tumboni. Nikaimeza, kwa sababu mtu aliyetoka ndani leo amepangiwa maneno kwa miaka, si mimi wa kumpangia mengine. Nikasema tu, "Gari zipo mpaka jioni. Lakini kwangu hakuna anayetoka mle akaondoka bila kupiga simu kwao. Hiyo ni sheria ya kibanda."

Ilikuwa si sheria. Tangu siku ile imekuwa.

Mzee Bulugu alikuwa amenunua simu baada ya mimi kwenda kwake, aliniletea namba imeandikwa kwenye kipande cha boksi la sabuni. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, kwa sababu mimi ni mzee na nina haki ya kusikia. Nikampa Shija huku namwekea sahani mbele.

"Nani?" ile simu ikasema kwa nguvu, maana mzee alidhani umbali unahitaji kelele.

"Shikamoo baba. Ni Shija."

Kwa mbali ng'ombe analia. Wale vijana wa bodaboda wakaacha kutafuna.

"Marahaba. Uko ndani au nje?"

"Niko nje."

"Nje wapi?"

"Kwa huyu Bibi wa hela."

"Umekula?"

"Ndiyo kwanza kanipakulia."

"Usile huko," mzee akasema. "Huku kumepikwa."

Shija akaniangalia, akaiangalia simu. Boma lile halikuwa na mwanamke tangu mama yake afe na dada yake aolewe. "Kumepikwa? Nani kapika?"

Mzee akasafisha koo. Nikajua jasho linamtoka.

"Mimi."

Kijana alikaa na simu sikioni ingawa sauti ilikuwa inasikika mpaka barabarani, na kijiko mkononi, na ule wali wangu unafuka mvuke, samaki juu, chakula ambacho hakuna mtu amewahi kukikataa njia nzima ile. Nikamnyang'anya sahani, nikampa wa bodaboda aliyekuwa karibu.

"Nyanyuka, mwanangu," nikamwambia. "Ugali wa mzee unapoa."